Mwanga wa Jukwaani na Mwalimu Wake: Kutoka Mlimani hadi Misigiri

Msanifu wa mwanga katika sanaa za maonyesho ni mtu anayeamua, kabla ya onyesho na wakati onyesho linapoendelea, ni nini kitakachoonekana jukwaani, kimulikwe kutoka upande gani, kwa nguvu kiasi gani na kwa rangi ipi, na, jambo linalosahauliwa zaidi, ni nini kitakachoachwa gizani. Kazi hiyo si ya fundi umeme, ingawa hapa nchini wawili hao hudhaniwa mara nyingi kuwa mtu mmoja: fundi umeme huhakikisha kwamba taa inawaka bila kumdhuru mtu, ilhali msanifu huuliza kwa nini iwake, iwake lini, na ikizimwa hadhira ibaki na nini. Msanifu huyo anapokuwa pia mwalimu wa chuo kikuu hutwishwa mzigo wa pili, nao ni kuyageuza maamuzi ambayo jicho na mkono huyafanya kwa mazoea yawe elimu inayoweza kuelezwa, kupingwa na kutahiniwa. Mazungumzo haya yanaitazama kazi hiyo ya namna mbili kutoka mahali ambapo wengi wangedhani kwamba haina la kufanya, yaani Misigiri, kituo cha biashara katika wilaya ya Iramba, mkoani Singida, ambapo barabara ya kwenda Kiomboi huachana na barabara kuu ya Singida hadi Nzega, kabla barabara hiyo haijateremka mlima Sekenke kuelekea Shelui.

Misigiri haina jumba la maonyesho, na hilo halishangazi, kwa kuwa hata miji mikubwa ya Tanzania yenye majumba ya aina hiyo huhesabika kwa vidole. Hata hivyo tamthilia husomwa huko kila mwaka, kwa sababu wanafunzi wa sekondari wa Iramba, kama wenzao wa nchi nzima, wamekuwa wakijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kwa kusoma vitabu kama Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe cha Edwin Semzaba, na tamthilia nyingi za Kiswahili zilizochapishwa tangu miaka ya 1970 zina maelezo ya jukwaani, yaani yale maandishi yasiyosemwa na mhusika yeyote, yanayoagiza taa zififie, zizimwe au zimmulike mtu mmoja peke yake. Mwanafunzi huyasoma maagizo hayo, pengine huyakariri, na humaliza shule bila kuona hata mara moja taa ikififia kwa sababu ya kisanaa. Taa aliyozoea kuiona ikififia ni ile ambayo umeme wake umepungua nguvu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufundishaji wa mwanga katika vyuo vikuu vyetu haupaswi kuichukulia hali hiyo kuwa upungufu wa kusubiri ufadhili, bali uanzie hapo hapo, juani na kwenye karabai, ndipo uingie ukumbini.

Historia ya fani yenyewe inaunga mkono mpangilio huo. Kwa karne nyingi maonyesho, yawe ya Wagiriki wa kale au ya London ya Shakespeare, yalifanyika mchana chini ya anga wazi, na mwanga wa kutengenezwa ulipata umuhimu pale tu maonyesho yalipohamia ndani ya majumba. Mishumaa na taa za mafuta zilifuatwa na gesi katika majumba makubwa ya London kuanzia mwaka 1817, na gesi ikafuatwa na umeme, ambapo jumba la Savoy la jiji hilo hilo lilifunga mwaka 1881 takriban taa 1,200 za Joseph Swan na kuwa la kwanza kumulikwa lote kwa umeme. Katika kizazi kilichofuata Adolphe Appia wa Uswisi alisisitiza kwamba mwanga haupo kwa ajili ya kuonyesha mandhari yaliyochorwa kwenye kitambaa, bali kwa ajili ya kuupa mwili wa mwigizaji ujazo, kwa kuwa mwili usio na kivuli huonekana bapa. Wazo hilo la kivuli ndilo kiini cha fani mpaka leo.

Mtu aliyelifanya wazo hilo kuwa somo la chuo kikuu ni Stanley McCandless, Mmarekani aliyesomea usanifu wa majengo na kuanza kufundisha mwanga wa jukwaani katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1925. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1932 alipendekeza jukwaa ligawanywe katika maeneo ya kuigizia, na kila eneo limulikwe na taa mbili zilizo mbele na juu, moja kutoka kulia na nyingine kutoka kushoto, kila moja ikiwa imeinuka kwa nyuzi 45 kutoka usawa wa uso wa mwigizaji na kuelekezwa kwa nyuzi 45 kutoka ubavuni. Moja iwe na rangi ya joto, inayokaribia manjano ya alasiri, na nyingine iwe na rangi ya baridi, inayokaribia buluu, ili upande mmoja wa uso utofautiane na mwingine. Miongoni mwa waliopitia mafunzo yake ni Jean Rosenthal na Tharon Musser, na huyu wa pili ndiye aliyeiingiza Broadway, yaani majumba makubwa ya maonyesho ya New York, katika zama za taa zinazoongozwa kwa kompyuta mwaka 1975. McCandless aligundua kile ambacho kila mwalimu wa fani hii hukigundua akiwa na bahati, kwamba wanafunzi hawahitaji kipaji kwanza bali wanahitaji kanuni wanayoweza kuivunja baadaye wakijua wanachokivunja.

Kanuni hiyo ina mambo ya kushangaza inapopelekwa Misigiri. Eneo hilo liko takriban nyuzi 4 na ushei kusini mwa ikweta, na kwa kuwa saa za Afrika Mashariki hupimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, inayopita mbali upande wa mashariki, jua la huko halifiki kilele chake saa 6 kamili mchana bali karibu na saa 7 kasorobo. Katika muda huo, ambao ndio hupendwa na waandaaji wa sherehe za shule kwa sababu wageni rasmi wameshafika na chakula hakijaiva, uso wa mwigizaji humulikwa kutoka utosini: paji la uso hung'aa, macho huzama katika mashimo meusi, na mwenye kofia hupoteza uso wote. Hakuna mafunzo ya uigizaji yanayoweza kuokoa onyesho la namna hiyo, kwa kuwa hadhira haisomi hisia mahali isipoona macho. Lakini kati ya saa 9 na saa 10 alasiri, katika mwezi wowote wa mwaka, jua la Misigiri hupita kwenye kimo cha nyuzi 45, yaani pembe ile ile ambayo McCandless aliitafuta kwa ngazi, mabomba ya chuma na kamba huko Yale. Mwanga huo haulipiwi ankara na hauna swichi, na nguvu yake hushinda kwa mbali ile ya taa za kawaida za jukwaani.

Msanifu anayejua jambo hilo hubakiwa na maamuzi mawili makubwa. La kwanza ni namna ya kuikalisha hadhira, na hapa watu wengi hukosea kwa wema, kwa kuwa huwakalisha wageni kwenye kivuli cha jengo bila kuangalia waigizaji watatazama wapi. Hadhira ikiupa mgongo upande wa mashariki, waigizaji hubaki vivuli vyeusi mbele ya anga inayong'aa. Ikiupa mgongo upande wa magharibi moja kwa moja, waigizaji humulikwa vizuri lakini hukunja macho muda wote, na tamthilia ya mapenzi huonekana kama ugomvi. Inayofaa ni mshazari, jua likipita juu ya bega moja la hadhira, huku msanifu akikumbuka kwamba mwezi Juni na Julai jua la alasiri huegemea kaskazini-magharibi, na mwezi Desemba na Januari kusini-magharibi, hivyo kwamba kiwanja kilichofaa katika mahafali ya mwaka jana si lazima kifae katika maadhimisho ya mwezi Juni.

Uamuzi wa pili unahusu upande wa uso usiofikiwa na jua, kwa sababu jua ni taa moja tu, na McCandless alitaka mbili. Taa ya pili hupatikana kwa kuakisi, yaani kuurudisha mwanga kutoka kwenye kitu cheupe: ukuta wa darasa uliopakwa chokaa hufanya kazi hiyo vizuri sana, na mahali pasipo na ukuta, mashuka meupe mawili yaliyotandazwa kwenye fito huweza kuulainisha upande wenye kivuli bila kukifuta kivuli chenyewe. Singida ni mkoa wa upepo, na kwa miaka mingi umetajwa katika mipango ya kuzalisha umeme kwa upepo, kwa hiyo mashuka hayo yafungwe chini na juu, la sivyo yatageuka tanga katikati ya mazungumzo ya wahusika.

Mfano wa tamthilia ya Semzaba unaonyesha jinsi mbinu hizo zinavyogusa maana ya kazi, si uonekanaji peke yake. Ngoswe ni karani wa sensa anayefika kijijini, anamtia Mazoea mapenzini, na uzembe wake unaishia kwenye tukio ambalo karatasi za takwimu zinateketezwa na Mzee Mitomingi, baba yake Mazoea. Onyesho hilo likianza saa 8 mchana, moto wa karatasi utakuwa moshi tu, kwa kuwa ndimi za moto hazionekani vizuri chini ya jua kali. Msanifu anayefahamu kwamba jua la Misigiri huzama kati ya saa 12 na nusu na muda mfupi baada ya saa 1 jioni, kutegemea mwezi, na kwamba ukungu wa magharibi, yaani ule mwanga unaobaki baada ya jua kuzama, hudumu kwa dakika 20 na kidogo tu kabla ya giza kutanda, ataipanga saa ya kuanza kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka kwenye tukio hilo, ili karatasi ziwashwe wakati anga imefifia kiasi cha kuufanya moto uwe chanzo kikuu cha mwanga. Hapo nyuso zitamulikwa kutoka chini, kwa rangi ya chungwa inayocheza, na kwa kuwa mwanga hupungua hadi robo kila umbali unapoongezeka maradufu, wahusika waliosimama nyuma watamezwa na giza bila mtu yeyote kugusa swichi. Katika mazingira hayo chombo cha kuongozea taa ni saa ya mkononi.

Baada ya ukungu wa magharibi kuisha ndipo karabai huingia, na ni vyema wasomi waiheshimu taa hiyo ya mafuta ya taa yanayosukumwa kwa pampu hadi kwenye kifuko chepesi kinachong'aa kwa joto, kwa kuwa imemulika ngoma, harusi na mikesha ya nchi hii kwa miongo mingi kuliko taa za jukwaani. Kosa la kawaida ni kuiweka chini mbele ya wachezaji, ambako hufanya kila uso uwe wa kutisha. Ikitundikwa juu ya nguzo pembeni, na nyuma yake likawekwa debe lililokatwa ubavu, ambalo bati lake la ndani hurudisha mwanga mbele, huwa taa ya upande mmoja yenye heshima. Haiwezi kufifishwa polepole, lakini mwaka 1638 Nicola Sabbattini wa Italia alieleza namna ya kuifanya mishumaa ifanane na inayofifia kwa kuishushia mirija ya bati kutoka juu kwa kamba, na debe lisilo na kitako, likishushwa vivyo hivyo juu ya karabai, hufanya kazi ile ile.

Swali linalofuata ni kwa nini maarifa ya namna hii hayakukusanywa na vyuo vikuu vyetu mapema. Sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa Mlimani, yaani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1967, wakati chuo hicho kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, ilionyesha mapema kiwango ambacho idara hiyo ingekifikia. Walimu wake hawakubaki ukumbini. Kuanzia mwaka 1982 Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo, yaani utaratibu ambao wanajamii wenyewe huchunguza matatizo yao, huyatungia maonyesho, kisha huyajadili, na baadaye kazi kama hiyo ilifanyika Msoga na Mkambalani. Maonyesho ya namna hiyo yalifaa kufanyika uwanjani mchana, na maandishi yaliyotokana nayo yakaweka uzito, kwa haki kabisa, kwenye uchunguzi na mjadala.

Hata hivyo utamaduni huo mkubwa uliacha dhana moja yenye madhara, kwamba maonyesho ya mchana hayana mwanga wa kusanifiwa, na kwamba taa ni anasa ya ukumbi wa kizungu. Dhana hiyo ina kasoro hata kwa upande wa ukumbi wa kizungu wenyewe, kwa kuwa mwanatamthilia wa Ujerumani Bertolt Brecht, ambaye wahakiki wamekuwa wakimtaja wanapozungumzia tamthilia za Hussein, alitaka jukwaa lake limulikwe kwa mwanga mweupe mkali usiobadilika na taa zenyewe zionekane na hadhira, ili mtazamaji asilewe hisia akasahau kufikiri. Alichokitafuta Berlin kwa gharama kilikuwepo Malya tangu asubuhi. Tofauti ni kwamba Brecht alikichagua na kukieleza, na kitu kilichochaguliwa na kuelezwa ndicho kinachofundishika.

Siku hizi umeme wa gridi umefika katika vijiji vingi vya Iramba kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, na pamoja nao umefika mkanganyiko mpya. Wanavijiji huona taa za rangi katika mikesha ya Mwenge wa Uhuru, katika kampeni za uchaguzi na katika mikutano ya injili, ambako kampuni za muziki hufunga taa zinazozunguka na kumetameta, na kijana anayetaka kuandaa tamthilia huamini kwamba hizo ndizo taa za jukwaani. Mwalimu wa mwanga ana wajibu wa kueleza kwamba taa inayomwonyesha mwimbaji inafanya kazi tofauti na taa inayomsaidia mhusika asadikike. Ana wajibu pia wa kufundisha hesabu: taa 12 za mtindo wa zamani, kila moja ikiwa na wati 1,000, hudai kiasi cha ampea 52 katika umeme wa volti 230, mzigo ambao waya za jengo la shule hazikuwekwa kuubeba, na jenereta ndogo ya petroli ya wati 2,500 itaziwasha taa mbili tu huku kelele zake zikishindana na waigizaji. Taa za LED, ambazo hutumia sehemu ndogo ya umeme huo na hubadilisha rangi bila karatasi za kupachikwa mbele ya taa, zimebadilisha hesabu hiyo kiasi kwamba betri na paneli ya sola huweza kumulika onyesho zima.

Suala la rangi linahitaji kuzungumzwa bila haya, kwa sababu vitabu vinavyotumika kufundishia vimeandikwa na watu waliokuwa wakimulika ngozi nyeupe. Karatasi za rangi zilizopendwa huko, kama zile za manjano ya waridi zinazochangamsha mashavu, zilichaguliwa kwa ngozi inayorudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoipiga, ilhali ngozi nyeusi hunyonya sehemu kubwa zaidi na huonyesha umbo lake kwa miale inayong'aa juu ya mfupa wa shavu, taya na bega. Kumzidishia mwigizaji mweusi taa za mbele hakumwonyeshi zaidi. Humfanya mtu bapa anayetoka jasho, huku kitambaa cheupe kilicho nyuma yake kikimfuta kabisa. Kinachofaa ni mwanga wa ubavuni na wa nyuma, pazia la rangi iliyokoza isiyofanana na ngozi, na kujaribu kila rangi juu ya mtu halisi badala ya juu ya sakafu. Hilo ni eneo ambalo walimu wa Afrika Mashariki wangeweza kuandika kitabu ambacho dunia ingekihitaji.

Usalama hauhitaji maneno mengi, lakini hauwezi kurukwa. Jumba la Iroquois la Chicago liliteketea Desemba 1903 baada ya cheche ya taa ya jukwaani kushika pazia, na watu zaidi ya 600 wakafa. Hapa nyumbani, ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), uliungua mwaka 2002 na ikabidi ujengwe upya. Karabai karibu na nyasi kavu za mwezi Agosti, mashuka karibu na moto wa Mitomingi, na waya uliounganishwa kwa gundi ya karatasi ni mambo ya somo la kwanza, si la mwisho.

Mwalimu anayefanya kazi hii hukabiliwa na ugumu ambao mwenzake wa fasihi haujui. Chuo kikuu hupandisha vyeo kwa kuhesabu zaidi machapisho, na usanifu wa mwanga hutoweka taa inapozimwa, hauwekwi maktaba wala haupelekwi kwa wahakiki wa nje ndani ya bahasha. Kinachoweza kubaki ni mchoro wa taa, unaoonyesha kila chanzo cha mwanga kiliwekwa wapi, na daftari la ishara, linaloandika ni neno gani la mwigizaji lililoleta badiliko gani. Kwa maonyesho ya Misigiri mchoro huo utaonyesha pia upande wa jua, saa na mwezi. Nyaraka hizo ni utafiti kamili, na kamati za vyuo zinapaswa kuzipokea hivyo, kwa sharti kwamba walimu wenyewe waziandike kwa umakini na waache kuzitupa baada ya onyesho.

Idara za sanaa za Dar es Salaam na Dodoma, pamoja na TaSUBa, hazihitaji bajeti mpya ili kuanza. Kila mwanafunzi wa mwanga apangiwe shule moja ya sekondari isiyo na ukumbi, atengeneze onyesho moja la alasiri na moja la karabai, na atahiniwe kwa mchoro wake kabla hajaruhusiwa kugusa meza ya taa. Na mwalimu wa Kiswahili wa Misigiri au wa popote pale anayesikiliza mazungumzo haya asisubiri idara hizo: mahafali yajayo, onyesho lianze saa 9 na nusu badala ya saa 6, hadhira iketi mshazari jua likiwa begani mwake, na ukuta wa chokaa uwe ubavuni mwa waigizaji.